Majalada Yaliyolala

Mimi sikusoma kemia.
Ninajua majalada tu:
lipi limelala, lipi limetembea,
lipi limerudi na alama ya kikombe cha chai.
Miaka kumi na tisa katika masijala ya chuo, hapa Tengeru,
dirisha linatazama migomba, na siku ikitakata
Mlima Meru nao, wingu kichwani kama kilemba kilichofungwa haraka.

Jalada la Aikande Pallangyo lilifunguliwa mwezi wa tatu:
maji ya visima vya Ngarenanyuki na meno ya watoto.
Aliomba chupa mia mbili, dawa za kupimia, mafuta ya pikipiki.
Meno yake mwenyewe ni ya kahawia.
Hakuhitaji utangulizi mrefu.

Mkuu wa wakati ule aliandika pembeni,
mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi:
"Imeonekana."
Basi. Jalada likalala.
Masika ikaja, ikaondoka.
Lango jipya likajengwa, likapakwa rangi, likazinduliwa,
utepe ukakatwa kwa mkasi wa kuazima.
Jalada la lango lilitembea siku nne.
Nililibeba mimi, najua.

Na vijana hujifunza, jamani. Hakuna anayewafundisha, ila hujifunza:
kwamba swali dogo hupita upesi,
kwamba makala tatu nyembamba hupandisha cheo
mbele ya moja iliyokaa kisimani miaka minne,
kwamba jina la mkuu wa idara hutangulia
hata kama hajawahi kulowesha kiatu.
Niliwaona wakififia mmoja mmoja
kama karatasi ya kaboni iliyopigwa mno.

Akaja huyu, Profesa Ndeonasia Mbise.
Siku ya tatu akashuka masijala, akavuta kiti,
akaomba yote yaliyolala.
Yalijaa toroli.
Alisoma hadi walinzi wakabadilishana zamu,
na kwenye la Aikande, kwa wino wa kijani:
"Kisima kirefu na kifupi, kipi kibaya zaidi? Kwa nini?
Fedha itoke Alhamisi.
Nione chupa ya kwanza, hata ikivunjika."

Hata ikivunjika! Nilisoma mara mbili.
Sijawahi kuona mkubwa
akiacha nafasi ya kitu kuvunjika.

Sitasema yote yalinyooka.
Chujio la mkaa wa mifupa alilolitengeneza Aikande
siku ya arobaini lilichoka; maji yakatoka kama yalivyoingia.
Nikaandaa uzi wa kulifungia jalada.
Badala yake likaja agizo: asome matokeo hayo mbele ya Seneti.
Mkuu akakaa safu ya nyuma, daftari pajani.
Bwana Urio wa Mipango akanong'ona:
"Sasa tunalipia makosa?"
Naye, bila kugeuka: "Ukimya tumeulipia miaka mingapi?"

Wakaja na wageni wa fedha nene,
waliotaka chupa zisafiri, majina yetu yabaki.
Akawanywesha kahawa, akawasindikiza hadi kwenye lile lango.
Kwa hiyo paa la maabara linavuja mpaka leo,
ndoo ya bluu iko pale pale,
na wapo wasiomsalimia.

Juni muhula wake unakwisha.
Nimeanza kusikia habari za lango la pili.

Lakini jana kijana wa mwaka wa kwanza,
viatu vina tope la huko visimani,
aliinama kwenye dirisha langu:
"Mzee, yale majalada yaliyolala, mnayo bado?
Nataka kujua yalilala kwa nini."
Nikamuuliza, nani amekutuma?
"Hakuna."

Nikainuka kutafuta ufunguo.